Rangi ya bampa inabanduka, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nilipiga rangi bampa la mbele la gari langu mwenyewe, na haujaisha mwezi imeanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Boneti niliyopiga siku hiyohiyo haina tatizo.

Niliosha kwa sabuni, nikapiga msasa namba 320, kisha praima ya kawaida (rangi ya chini ya kushikisha). Nyuma ya bampa pameandikwa PP+EPDM, yaani plastiki iliyochanganywa na mpira. Nasikia plastiki hiyo haishiki rangi bila praima yake maalumu. Je, praima hiyo inapigwa palipo na plastiki tupu tu, au hata juu ya rangi ya zamani iliyoshika vizuri? Na mafuta niyatoe kwa kitu gani? Thina naiogopa. Halafu yale manyoya ya plastiki yanayobaki baada ya msasa, nyie mnayaondoaje?