Cherehani ya Singer na zabuni za serikali ya kikoloni

Swali: Ndugu wanajukwaa, nauziwa cherehani ya Singer ya kukanyaga, na muuzaji anasisitiza kwamba serikali ya kikoloni ya Kenya iliinunua kwa zabuni. Je, mashine hizi zilipitia zabuni za hapa nchini?

Jibu: Ni vigumu. Zabuni za hapa zilihusu zaidi nyama, unga na kuni, ilhali mitambo na vifaa viliagizwa London kupitia Crown Agents, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1833 kuhudumia makoloni. Hata mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, aliyepata mkataba mnono wa reli ya Uganda, alileta vibarua na chakula chao.

Jibu: Nakubaliana na mwenzangu. Singer iliuza kwa malipo ya awamu, hivyo cherehani nyingi zilizobaki vibarazani zilikuwa mali ya mafundi na familia. Namba ya mashine inayoanza na F, J au Y hutambulisha kiwanda cha Clydebank, Uskoti, na husaidia kukadiria mwaka ilipotengenezwa, lakini haimtaji mnunuzi. Dai hilo lahitaji hati.

Mwuliza swali: Nashukuru. Namba ya hii ninayouziwa inaanza na Y, na muuzaji hana hati. Nitaomba apunguze bei.