Naomba ushauri: kusafisha fukoidani kabla ya kipimo cha APTT

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Fukoidani, sukari ndefu yenye salfeti inayozuia damu kuganda, tunaitoa kwenye mwani wa kahawia, Sargassum. Ule mwekundu unaolimwa Zanzibar una karajinani, haufai hapa. Unga huoshwa kwa ethanoli 85%, huloweshwa kwenye maji ya nyuzi 70 kwa saa 3, alginati (sukari nyingine ndefu ya mwani huo) huondolewa kwa kloridi ya kalsiamu 2%, kisha fukoidani hutuamishwa kwa ethanoli 70%. Asidi ya moto tunaikwepa, hung'oa salfeti, na bila salfeti damu huganda kama kawaida.

Shida ni APTT, kipimo cha muda ambao plazma (majimaji ya damu) huchukua kuganda. Kalsiamu ikibaki, plazma yenye sitrati (inayozuia kuganda kwa kushika kalsiamu) huganda mapema. Alginati ikibaki hushika kalsiamu, muda unarefuka kwa uongo. Dayalisisi (kuchuja masalia kwa utando) ya saa ngapi inatosha? Protamini, protini inayoshika sukari zenye salfeti, itatofautisha athari ya fukoidani na ya masalia hayo? Na tafadhali, anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asijaribu kuinywa fukoidani.