MPANGAJI SIO MTU?? Nimekatwa jina mchana kweupe kituo cha kujiandikisha uchaguzi wa serikali za mitaa

Wakuu nimetoka kituoni sasa hivi, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Yule bwana wa pale mezani, wa mtaa wetu wote mnamjua, yule anayejiona kazaliwa ameshika daftari, leo kaniambia mbele ya foleni nzima "MPANGAJI HACHAGUI MWENYEKITI". Halafu akafunika kalamu. Kofia ya kalamu, tak! Kama hakimu kamaliza kesi.

Nimefika saa 4 asubuhi mtu wa tisa. Meza moja, mwavuli, daftari, chupa ya maji. Mbele yangu bibi mmoja kaandikwa dakika haijaisha, jina, umri, jinsia, saini, bibi huyo kaondoka. Hakuulizwa kadi hakuulizwa chochote. Nikaja mimi, nikataja jina, akaanza kuandika, ameshaandika herufi TATU za jina langu naziona kwa macho yangu haya, ndo anainua kichwa, unakaa nyumba ya nani? Nikamtajia. Wewe si mpangaji pale? Nikasema ndiyo. Akapiga mstari. Akazikata zile herufi tatu kama anachinja kuku. Mpangaji hachagui mwenyekiti. Tak.

Huu mtaa naishi mwaka wa 7. Hela ya ulinzi shirikishi natoa, ya taka natoa, msiba ukitokea karatasi ya michango inafika mlangoni kwangu maiti bado ina joto, na huko sijawahi kuulizwa hata siku moja kama nyumba ni yangu. Mwenye nyumba wangu mwenyewe hakai hapa, anakuja mara mbili kwa mwaka kuchukua kodi ya miezi sita sita, hata bomba la maji la nje hajui liko upande gani. Huyo ndo mkazi? Sifa zimetangazwa redioni mpaka tumezikariri, uwe Mtanzania, uwe umetimiza miaka 18, uwe mkazi wa mtaa husika, uwe na akili timamu. Wapi wamesema uwe na hati ya kiwanja? Mbu wa ule mtaa wananijua mpaka grupu la damu!

Na mwenyekiti anamhusu nani kama si sisi tuliopanga? Nikitaka barua ya utambulisho kwa ajili ya benki naenda kwake. Nikigombana na mwenye nyumba naenda kwake. Leo naambiwa nisimchague.

Nikamwambia kaka soma kanuni, akanijibu "mama pisha, wenye mtaa wao wamesimama juani". WENYE MTAA WAO. Na foleni kimya. Kuna wawili mlikuwepo na humu mmo, mmekaa kimya wakati jina langu linakatwa. Leo tarehe 16 Oktoba 2024, mwisho Jumapili tarehe 20, kura ni 27 Novemba. Nikikosa hapa ni mpaka 2029, huyu ninayemnyonyesha atakuwa anaenda chekechea kwa miguu yake. Herufi tatu jamani! Si angekataa kabla hajaanza kuandika?

kisigino: Uzi mrefu kuliko foleni yenyewe. Kwa hiyo umeandikishwa au hujaandikishwa?

mama_pacha: Kakata jina langu baada ya herufi tatu, soma vizuri.

pande_la_mtu: Kuanzia tarehe 11 ulikuwa wapi? Siku ya sita ndo unakumbuka uraia 😂😂 ungewahi siku ya kwanza ungemkuta bado ana adabu

mama_pacha: Nilikuwa nauguza. Na hata ningeenda saa 11 na dakika 59 jioni ya siku ya mwisho ni haki yangu.

Fundi Tanki: Huyo bwana namjua jamani, ni yule yule alimwambia mama yangu sura haifanani na picha. Mama kamjibu picha ni ya miaka 12 iliyopita wewe ulitaka nisizeeke? Mimi nimepanga mtaa wa jirani, juzi nimeandikwa sijaulizwa kitu. Kwa hiyo tatizo ni yeye, sheria haina shida.

babu_wa_kona: Mama pacha usibishane naye mezani, hapo atakushinda kwa kelele. Msimamizi msaidizi wa uchaguzi yupo, muone leo hii hii kabla vituo havijafungwa saa 12 jioni. Mweleze umekataliwa kwa kuwa mpangaji, neno hilo hilo alilolitamka. Usisubiri orodha ibandikwe ndo uanze kutafuta jina lako ukutani.

kisigino: Mimi kadi ya mpiga kura ninayo ya tangu 2015, niandikwe tena ili iweje? Usumbufu tu.

babu_wa_kona: Hiyo kadi ni ya daftari la kudumu, lile la Tume ya Uchaguzi, la rais, wabunge na madiwani mwakani. Hili la mtaa lipo chini ya TAMISEMI, wale wa serikali za mitaa, na linaandikwa upya. Jina lako lisipokuwemo kwenye orodha ya mtaa wako, tarehe 27 utarudishwa na kadi yako mkononi.

kisigino: Madaftari mawili?? Kwa hiyo foleni mara mbili?

babu_wa_kona: Mara mbili. La kudumu wameanza kuliboresha Kigoma tangu Julai, huku Dar bado hatujafikiwa. Likifika utapanga tena.

kisigino: Wallahi hii nchi inatupenda tukiwa tumesimama.

dada_wa_nne: Mmefika kwenye mwenyekiti ngoja na mimi niseme langu. Wa kwetu barua ya utambulisho ni elfu 5, risiti hamna. Nimeenda Jumatatu muhuri uko kwa mtendaji, mtendaji yuko semina. Jumanne mtendaji karudi, muhuri umeenda semina. Kazi nimeikosa wakuu, kazi kabisa, kwa ajili ya kipande cha mpira chenye wino.

pande_la_mtu: Elfu 5 wewe unalia? Kwetu elfu 10 na unamnunulia vocha

dada_wa_nne: Basi nyie mnamchagua tena kwa nini?

pande_la_mtu: Nani kamchagua? 2019 kwetu walipita bila kupingwa, kura yenyewe hatukuiona

Jirani wa Namanga: Nyinyi huko mna afadhali, mnaandikwa kwa kalamu. Huku Kenya ni mashine ya vidole. Mamangu amelima miaka arobaini, vidole vimekuwa laini kama sahani, mashine ikamkataa mara nne. Kijana akamwambia mama jaribu kidole kingine, akajaribu vyote kumi! Halafu siku ya kura anapewa karatasi sita, ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Akauliza zingine apelekee nani.

Fundi Tanki: Bora mashine mkuu. Mashine haiulizi unakaa nyumba ya nani.

Jirani wa Namanga: Mashine haisikii pia. Mtu mtagombana akuelewe, mashine utagombana nayo vipi?

kisigino: Huyo wa mama pacha naye ni mashine tu ina kalamu.

mama_pacha: Jamani mmehamia Kenya mimi hapa jina langu limekatwa. Herufi tatu. Nimeshavaa, mtoto nimemwacha kwa jirani, naenda kwa msimamizi msaidizi sasa hivi na sirudi bila jina kamili kwenye daftari.

Fundi Tanki: Nenda mama, mwambie aanzie na herufi ya nne 😂

dada_wa_nne: Ukimkuta mtendaji hapo muulize muhuri umerudi.

pande_la_mtu: Na gari la taka. Wiki ya tatu hii, hela wamekusanya nyumba kwa nyumba, funza wanapanda ukuta wa jirani yangu na yeye anasema ni wangu.

kisigino: Ni wako, wametokea kwenye pipa lako la bluu, juzi nimepita hapo nimewaona.