Mrejesho: viza yangu ya masomo Uingereza

Asalaam aleikum ndugu zangu. Miezi mitatu nyuma niliuliza kama naweza kuomba viza ya masomo Uingereza na pesa za kuonyesha kuwa nitamudu ada na matumizi zina wiki moja tu kwenye akaunti ya baba. Mkanijibu hapana, lazima zikae siku 28 mfululizo. Nikasubiri. Siku ya 19 mzee akatoa elfu nane kununua mabati ya nyumba ya Kisauni, salio likashuka chini ya kiwango kinachotakiwa, hesabu ya siku 28 ikaanza upya! Kosa langu, sikumwambia. Siku zilipotimia, nikaambatisha cheti changu cha kuzaliwa kuonyesha ni baba yangu, na barua yake ya kuridhia nitumie pesa hizo. Kipimo cha kifua kikuu kinachotakiwa kwa viza nilikifuata Nairobi kwa treni ya SGR. Viza imetoka jana. Mama ashaanza kufunga bizari ya pilau.