Naomba ushauri: tujifunzeje kwa mama zetu wa kanisani?

Bwana Yesu asifiwe. Mama zangu shikamooni, na dada zangu nawasalimu.

Mimi ni mama kijana katika usharika wa Kianglikana, na nimejiunga na Umoja wa Mama, chama kilichoanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876 kwa sababu aliona wanawake wanaanza kulea bila mtu wa kuwaongoza. Tito 2:3-5 inawaagiza wanawake wazee kuwafundisha vijana, lakini kwetu tunakutana nao zaidi jikoni wakati wa harusi na misiba, ambako kazi ni nyingi na mazungumzo marefu hayawezekani. Natamani tupate muda wa kukaa nao nyumbani, wawili au watatu, tujifunze kuomba, kulea na kutunza fedha za familia.

Linalonitatiza zaidi ni neno “vumilia”. Baadhi ya mama hawa, ambao nawaheshimu kwa dhati na ambao maombi yao yamenibeba, humwambia hata mke anayepigwa avumilie, ingawa kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hapa Tanzania, kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake.

Je, nianze kwa kumwona mke wa mchungaji, au nimwendee moja kwa moja mama mmoja ninayemwamini? Na nitatofautianaje nao katika jambo hili zito bila kuonekana nimewadharau?