Naomba ushauri: shakwe juu ya maji ya ukungu, rangi ya mafuta

Wakuu, naomba msaada kwa wanaochora kwa rangi za mafuta. Ninanakili kwa ajili ya kujifunza shakwe wa mchoraji Mfaransa Claude Monet juu ya Mto Thames, London, ule mchoro wenye Bunge la Uingereza likiwa zambarau nyuma ya ukungu. Turubai ni sm 60 kwa 73. Maji nimeyapaka kwa buluu ya kobalti, nyekundu ya alizarini na nyeupe ya titani, mafuta ya linsidi (mbegu za kitani) kidogo mno.

Shida iko kwenye ndege. Nikiwaweka rangi ya chini ikiwa mbichi, brashi inazoa zambarau na shakwe anageuka kijivu cha tope. Kufuta brashi kila baada ya mpigo mmoja kunasaidia, lakini mpigo wa pili mahali pale pale unaharibu kila kitu. Nikisubiri ikauke, kingo za mabawa zinakuwa kali, ndege anaonekana kama karatasi iliyobandikwa, na ukungu wote unakufa. Tena alizarini hukauka polepole. Nahofia kuweka juu yake tabaka linalokauka haraka zaidi, lisije likapasuka.

Je, nipake ndege rangi ya chini ikiwa inanata tu, isiyo mbichi wala kavu? Nyeupe niipoze (ielekee buluu) kwa kobalti kiasi gani kwa shakwe wa mbali? Na kwa bawa la mpigo mmoja, brashi bapa namba 4 inafaa, au kisu cha rangi?