Mbuna wa njano amegeuka mweusi na anawaonea wenzake: je, ni ugonjwa?

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina tangi la kioo la lita 120 ninamofuga mbuna, wale samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa, wa aina mchanganyiko, niliowanunua Dar es Salaam wakiwa wadogo. Mmoja wao, aliyekuwa wa njano mwenye mistari myeusi, sasa amekuwa mweusi mwili mzima na mistari yake imegeuka samawati hafifu. Tangu abadilike, wenzake wamejibanza kwenye pembe ya juu karibu na bomba la hewa, mapezi yamechanika. Maji ni ya kisima, chakula ni dagaa wa kusaga, na nimeshauriwa nitie matumbawe ya ufukweni ili rangi irudi. Naomba ushauri.

Mfugaji wa Mikindani
Huo si ugonjwa, ndugu yangu. Kwa maelezo yako huyo ni *Melanochromis auratus*, ambaye majike na vijana wake huwa wa njano, ilhali dume aliyekwisha kujitwalia himaya hugeuka mweusi kama ulivyoeleza. Kwa hiyo rangi haitarudi, na wala haipaswi kurudi. Tatizo ni kwamba hata miongoni mwa mbuna, ambao wote ni wagomvi, huyu ni mkorofi aliyepitiliza, na huwaandama zaidi wanaofanana naye kwa mistari. Lita 120 hazimtoshi. Ama umtoe, ama utafute tangi la lita 250 au zaidi, umpe majike kadhaa, na upange mawe yenye mapango hadi karibu na uso wa maji. Siku ya kuwahamisha, mtie yeye mwisho, wenzake wakiwa wameshazoea maficho.

Mama Lindi
Naongezea kuhusu maji. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mwamba wa chokaa, ndiyo maana sabuni hukataa kutoa povu. Ugumu huo ndio mbuna wanaoutaka, kwani chokaa hupandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji), na maji ya Ziwa Nyasa yana pH ya takriban 7.7 hadi 8.6. Ila yaonje kwanza: maji magumu ni jambo moja, maji ya chumvi ni jambo jingine.

Matumbawe yaache baharini. Mabaki ya viumbe yaliyomo ndani yake huoza na kuchafua tangi, na tena sehemu ya pwani ya Mtwara imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Jiwe la kawaida la chokaa linatosha. Lidondoshee siki, na likitoa vipovu ndilo lenyewe.

Hao dagaa ndio wanaonitia wasiwasi kuliko hiyo rangi. Mbuna hukwangua mwani kwenye miamba, na wakilishwa nyama mfululizo huvimba tumbo na kufa. Wape mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, na dagaa wawe wa mara mojamoja.

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Nashukuru sana, dume nitamtoa kesho. Kuna jike mmoja ambaye hali kabisa na kidevu kimemtuna. Naye ameathiriwa na dagaa?

Mfugaji wa Mikindani
Huyo amebeba mayai mdomoni, na ataendelea kufunga kwa takriban wiki tatu. Mhamishie taratibu kwenye chombo chenye maji yaleyale ya tangini, kwani akishtuka anaweza kuyatema au kuyameza.